Mwiko

Karibuni. Egesheni gari pale penye mtufaa,
si hapo, hapo ni pa ngoma na zumari.
Mtakesha nasi? Basi chukueni blanketi:
Septemba ya Musaler ina mchana wa mama
na usiku wa mama wa kambo.

Sufuria hizi, zihesabuni wenyewe, mimi moshi hunichanganya,
zimekaa juu ya mtaro wa moto tangu jua kuzama.
Ndani mna ngano, maji, nyama ya kondoo na mifupa yake.
Hakuna kitunguu. Hakuna bizari.
Mkiuliza siri ya harisa, mtaambiwa: usiku.
Usiku mzima, na mtu wa kusonga.

Husemwa wazee walipopanda mlimani na bunduki chache
walikula hiki hiki, wakiwa wima,
mpaka meli zikaonekana baharini,
ndogo kama kunguni kwenye shuka.
Hiyo mtaisikia kesho kwa kipaza sauti.
Mimi nawapa ile isiyosomwa jukwaani.

Katika ukoo wetu
ni mwiko mwanamke kushika mwiko.
Babu Tovmas aliushika miaka thelathini na mmoja,
mti wa mwaloni, mrefu kumpita,
mpini umelika mabonde mawili penye viganja vyake
kama ngazi ya kanisa inavyolika penye nyayo.
Alikufa Machi ya mwaka jana, theluji ingali mlangoni.
Septemba ilipofika zamu ikawa ya mjomba Jirayr,
mtu mwema, ila koo lake halina mlango.

Saa nane za usiku mpiga ngoma alikuwa amelalia ngoma.
Jirayr alikuwa amejilalia mwenyewe.
Moto ulinong'ona, na ngano
ikaanza ile harufu, mnaijua,
ya kitu kinachoomba kugeuzwa.

Bibi Ovsanna akatoka amevaa viatu vya marehemu.
Si kwa ushujaa; vyake vilikuwa na tope.
Akaupapasa mpini gizani.
Viganja vyake havikuyajaza yale mabonde,
vilibakiza nafasi pembeni.
Akasonga.

Niliinuka, kumzuia au kumsaidia, hata leo sijui.
Akasema bila kugeuka:
"Mtoto, kinachoungua hakiulizi nani alikatazwa."

Alisonga mpaka nyama ikasahau mfupa,
ngano ikasahau kwamba ilikuwa punje,
bega lake likalia kama bawaba kavu.
Mara moja tu alizungumza na sufuria
kwa lahaja ya mlimani, ambayo mimi nashika nusu.
Nusu niliyoishika ilikuwa matusi.

Asubuhi padri akaja na chumvi,
na msalaba uliovikwa majani ya rehani,
akabariki sufuria moja moja.
Jirayr alisimama na mwiko mkononi, macho mekundu,
akapokea pongezi zote za kijiji.
Bibi alikuwa anaosha bakuli.
Wageni walipiga picha. Picha nzuri:
mpini upo, mtu ndiye siye.

Jumatatu ni siku ya makaburi.
Alikuwa amefunga ukoko kwenye kitambaa,
ule mweusi wa chini kabisa, uliokwanguliwa kwa kisu,
akauweka juu ya jiwe la Tovmas, karibu na jina.
"Onja," akamwambia, "halafu lalamika."
Tukangoja kidogo. Upepo tu, na shomoro
aliyesogea, akaonja kwa niaba.

Basi ndiyo hiyo.
Mwaka huu Jirayr ameapa hatagusa hata tone,
na mnamwona, chupa i kwenye koti.
Bibi naye anasema amechoka, atalala mapema.
Ndiye yule kwenye kiti cha plastiki, mwenye shali ya kijivu.
Msimtazame usoni, ana aibu na wageni.
Tazameni miguu.
Vile viatu ni vya nani?

Saa nane, mkisikia ngoma imenyamaza,
tafadhali,
zimeni taa za simu.