Ukurasa wa Mia Mbili na Tisa

Ile riwaya nene waliyoisifu wote ofisini
niliiacha ukurasa wa sitini.
Kila mtu humo ndani anasema kwa busara,
hata mtoto wa miaka mitano, hata mlinzi wa lango,
nami sijawahi kukutana na mlinzi wa lango
asiyeanza na mshahara uliochelewa.
Sasa inazuia mlango wa stoo usijifunge.
Imepata kazi.

Hii nyingine niliinunua shilingi mia na hamsini
kwa kijana anayetandaza vitabu juu ya gunia, Mtaa wa Latema.
Jalada lilishang'oka, likaenda na jina la mtunzi.
Ni habari za mke wa karani wa reli
anayemwandikia dada yake barua
na kuzificha chini ya debe la unga.
Basi. Hakuna vita, hakuna mganga.
Nilimsoma wali ukikauka, ukaungua.
Nilimsoma kwa tochi ya simu stima zilipopotea,
Musembi akigeuka kitandani:
"Bado hajazipeleka?"
Bado.
"Mwambie posta wameshafunga."

Jumamosi nikatimiza arobaini na moja.
Sikumwambia mtu. Nilipanda juu ya paa, penye kamba za nguo,
nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na karani ndiyo kwanza anatia mkono kwenye debe,
anagusa karatasi,

hapo ndipo waliponimwagia.
Mutheu na sufuria. Syombua na beseni.
Kilonzo, shemeji yangu, mhasibu, mtu mwenye kipara,
na ndoo nzima, ya samawati, ile ya chooni.
Maji ya kununua hayo! Mtungi shilingi hamsini,
wiki ya tatu mfereji wa Umoja unakohoa tu.
Wakaimba. Wakapiga picha.
Nilicheka kwa kuwa nilikuwa natazamwa,
kisha nikacheka kweli, sijui ni wapi palipobadilika.
Kitabu kilikunywa kuliko mimi.

Mavyaa alikuwa amefika jana yake kutoka Mwala,
na jogoo mmoja, na muthokoi, na goti linalouma.
Akapanda ngazi zote nne kuja kuwagombeza:
"Maji mnayachezea? Nyinyi?"
Akakitoa kitabu mkononi mwangu
jinsi mtu anavyopokea mtoto aliyeopolewa mtoni.
Gundi ilishakata tamaa. Karatasi zilimjia mojamoja,
akaziandamanisha kambani kwa vibanio,
kati ya soksi za shule na shati la Musembi.

Tukashuka. Tukala pilau. Keki ilikuja
na jina langu limepungukiwa na herufi moja,
Mutheu akaizibia pengo kwa njugu.
Mavyaa aliitwa mara tatu. Hakushuka.

Nilimpelekea sahani.
Amevaa miwani yake ya kuuziwa njiani,
anasoma jinsi upepo unavyompa,
mia mbili na tisa, kisha kumi na nne, kisha sabini,
shingo imepinda kwa sababu nyingine alizianika kichwa chini.

"Huyu mwanamke," akasema, bila kugeuka,
"mnadhani anamwogopa mumewe."
Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyodhani.
"Dada yake alikufa. Yeye anajua, tangu mwanzo."
Umejuaje, Mama?
"Aliye hai haandikiwi hivi.
Tazama. Barua zote hizi,
hajamwuliza hata swali moja."

Nilisimama na ile sahani.
Kurasa mia mbili nimezila kwa macho yangu mawili,
nikaweka alama kwa risiti za duka, nikalia mara moja,
na sikuliona.
Sikumuuliza alikojifunzia kusoma barua za aina hiyo.
Nilishika kibanio, nikamsogezea thelathini na tatu.
Akachukua keki kwa vidole, akala njugu kwanza.

Karatasi ya mwisho iliruka,
ikatua kibarazani kwa Mama Okwiri, ghorofa ya tatu.
Nilichungulia, nikamwomba aniletee.
Amesema atailetea.
Akiimaliza.