Rangi ya Plagi

Kwetu Konde kila pikipiki ni honda,
hata hii Yamaha ya marehemu baba,
aliyoipata kwenye mnada wa wizara
mwaka niliokuwa darasa la pili.
Tangi lake lilikuwa jekundu kweli.
Siku hizi lina kutu
na stika ya timu iliyoshuka daraja.

Ilianza kukohoa kilima cha kuingilia Wete.
Nikadhani petroli. Nikadhani mnyororo.
Fundi Shaame hakudhani kitu:
alichukua bisibisi, akafungua boksi la hewa,
akanipakatisha kilichotoka humo.

Chujio limeganda kama kashata.
Vumbi la Makangale, masizi,
ubawa wa kumbikumbi,
na nilipolisogeza puani, karafuu,
za msimu gani, Mungu ajua.
"Yote haya injini imekataa kuyameza.
Lilifuliwa lini?"

Nikaangalia viatu vyangu.
Baba alikuwa akilifua kila Shaabani.
Ana miaka sita kaburini.

Dukani kwa Mbarouk liko moja
linameta kama birika la harusi.
"Funga hili, mtaa mzima utakusikia."
Nikalitamani.
Nina miaka thelathini na tisa na bado nikalitamani.

Shaame akatikisa kichwa.
Kabureta ya zamani, anasema, ina hesabu yake.
Ukiifungulia upepo wote na mafuta yakabaki yale yale,
plagi itatoka nyeupe kama mfupa,
ndo pistoni inaungua hiyo, nawe unafurahia mlio.
Ikitoka nyeusi, imevimbiwa petroli.
Plagi yenye afya hutoka na rangi ya karafuu
iliyokula jua siku nne.

La karatasi lilikuwa rahisi, elfu sita,
ila la honda nyengine:
kushoto likaacha pengo la unene wa kucha.
"Mchanga haubishi hodi," akasema, akalirudisha.
Nikatoa shauri la kukata godoro la mgeni.
Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.
"Godoro na petroli! Litayeyuka,
kabureta ilambe uji."
Na lile lenyewe la asili, la kuagiza Unguja,
bei yake ni pishi ngapi za karafuu
sikutaka kuzihesabu.

Siku ya tatu mama akauliza, juu ya mkeka,
vidole vikichambua bila kuangaliwa,
kanga imefungwa puani:
"Mnahangaikia nini nyie?"

"Kitu cha kuzuia vumbi lisiingie ndani ya injini."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi,
na kikohozi hakikuwa na haraka ya kuondoka.
Makonyo yaliruka mapajani mwake.
"Mimi miaka arubaini nimepewa kanga,"
akasema, akaendelea kuchambua.

Tulinunua sponji ya pikipiki, ile ya matundu madogo,
tukaikata kwa kipimo cha lile kuukuu,
tukaivisha kwenye waya wa baba, ambao haukuoza.
Nikaifua kwa sabuni, nikaianika kivulini,
nikaitia oili, nikaikamua
kama tui la pili, polepole,
mpaka ikabaki nata tu kwenye viganja.

Kilima cha Wete kikapandika kwa gia ya tatu.
Juu pale nikazima, nikafungua plagi kwa kitambaa,
nikaitazama kwenye jua kama mtu anayenunua pete.
Hudhurungi. Karibu na karafuu. Karibu.

Nimerudi na barakoa kumi za duka la dawa.
Mama kaigeuza moja, mbele, nyuma.
"Kitambaa gani hichi hakina jina?"
Akaivaa, kisha juu yake akafunga kanga.

Jumamosi nampeleka kwa daktari, nyuma ya honda.
Amekubali kwa sharti nisimuulize kitu njiani.
Nami sijui nitakachomwambia daktari
akiniuliza kama Shaame:
tangu lini?

Chujio la zamani sijalitupa.
Liko dirishani, ndani ya kopo la maziwa,
na chumba, usiku, kinanuka msimu.