Daftari la Sokoni

Jalada ni la bluu, pembe zimeliwa na mende.
Kila usiku nalifungua hapa Makorora,
naandika: nyanya fungu moja, mia tano.
Kitunguu, mia mbili.
Nazi, na hapa kalamu husita,
mia nane, na ilikuwa koroma.

Mbwana alipopunguzwa kiwandani
alirudi na ile kofia ngumu ya manjano kwapani,
akaiweka mezani kama mtu anayetua sahani tupu.
Hakusema.
Nikaichukua. Nikaitoboa kwa msumari wa moto, matundu manne,
nikajaza udongo na samadi ya mbuzi wa Bi Mwantumu,
nikatia mbegu nilizokamua kwenye nyanya bovu.
"Kofia yangu hiyo, Zaituni?"
"Kichwa chako ki salama," nikamwambia.
"Kinachotuangukia sasa si tofali."

Haikuwa rahisi.
Kisima chetu kina chumvi;
miche ya kwanza iliungua ncha kama iliyopigwa pasi.
Mchicha wa wiki mbili uliliwa na kuku
muda ule ule nilioingia kupalia wali.
Nililia, ndiyo, kwa ajili ya mchicha.
Kisha nikapanda tena:
matembele kwenye gunia la sukari,
giligilani kwenye beseni lililotoboka,
kunde zikapanda wigo bila kuombwa.
Maji ya kuoshea mchele yakawa na mwenyewe.
Majivu yakazunguka shina, konokono akageuza njia.

Na jikoni nikaanza upya,
mimi niliyejidhani mpishi tangu utotoni.
Kisamvu kikitwangwa kivivu kinadai nazi mbili;
kitwange mpaka mkono uombe radhi,
moja inatosha, na inabaki ya kusifiwa.
Chicha haimwagwi: nusu ya kuku,
nusu naikaanga na chumvi na pilipili, tunalia muhogo.
Ukoko wa jana ni chai ya leo.
Na kichwa cha changu kutoka Sahare,
ambacho wenye nazo humwachia muuzaji,
mbirimbi tatu tu, basi,
Mbwana analamba kidole gumba
halafu anajifanya hakulamba.

Nikaanza kufuta.
Shaabani nilifuta mchicha.
Ramadhani, pilipili na majani yote.
Mfunguo Mosi nikafuta nyanya,
nyanya za kofia, ndogo, zenye ngozi ngumu,
nikapiga mstari mara mbili, wino ukachana karatasi.
Muhogo ulinisubirisha mwaka.
Mwisho ukurasa ukabaki na
unga, mafuta, chumvi, kiberiti.

Nikajigamba uani: "Bi Mwantumu,
mimi na soko sasa tunasalimiana kwa mbali."
Akacheka, akapitisha bakuli juu ya wigo.
"Nipe basi mbirimbi."
Kesho yake bakuli likarudi na mayai mawili,
maana bakuli halirudi tupu, ndivyo tulivyolelewa.

Usiku nikashika kalamu.
Mayai mawili. Niyaandike wapi?
Sikuyanunua, wala sikuyataga mimi.
Na ile samadi ya mwanzo, je?
Na mbegu ya mbaazi, aliyoifunga wifi yangu wa Muheza
kwenye ncha ya kanga, akaisahau makusudi?
Na huyu mume, anayeamka kabla ya adhana
kunifuatia maji matamu bombani,
ndoo mbili, kila siku, kimya,
tangu siku ile ya kofia?

Nikaligeuza daftari, nikaanza kwa nyuma.
Mwantumu: mayai mawili, samadi, debe sikumbuki ngapi.
Wifi: mbaazi.
Mbwana: maji.
Safu ya bei nikaiacha nyeupe.

Halafu nikazima taa.
Mafuta bado tunanunua.