Njia Mbili, Bila Fisi

Kati ya Ngaio na Khandallah
treni haimalizi hata dakika tano;
ukifungua gazeti, hujafika ukurasa wa michezo,
umeshaingia kitongoji kingine
na bei ya nyumba imepanda kama homa.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Wellington haina fisi.
Ina mimi na Rewa, na daftari la mistari,
na dalali mwenye viatu vilivyochongoka
asemaye "jua tele" mvua ikimlowesha mabega.

Mimi nilihesabu: vyoo, madirisha ya vioo viwili,
hatua hadi shule, miaka ya mkopo
(nitamaliza nikiwa na sitini na nane, nikijaliwa).
Rewa hakuhesabu. Mwezi wa saba, ndio baridi kali huku,
aliomba ruhusa kazini, akaegesha gari
Khandallah, mbele ya nyumba ya matofali,
chupa ya chai mapajani, akilingoja jua liondoke.
Liliondoka saa tisa na robo.
Kesho yake Ngaio, nyumba ya mbao, rangi imebambuka,
ngazi arobaini na moja kutoka barabarani:
saa kumi na dakika ishirini.

"Saa nzima na dakika tano," akaniambia usiku,
"kila siku ya baridi, utoto wake wote."
Nikamweleza habari za shule.
Akanieleza habari za kifua cha Anahera.
Tukanyamaza. Friji ikaendelea kunung'unika peke yake.

Mama, kwa simu kutoka Invercargill, aliuliza tu:
"Na mimi nikija, hizo ngazi nitazipandaje?"
Hakuna aliyekuwa amezihesabu kwa magoti yake.

Tulisaini Ngaio.
Mama huja, hupumzika mara tatu, hulaani mara nne.
Jua linaingia jikoni hadi kwenye sinki, kweli,
linatua juu ya vyombo ambavyo sijaosha.

Lakini jana, nikitoa takataka, niliona ng'ambo ya bonde
taa ya ile nyumba ya matofali.
Dirisha la juu, lililokuwa chumba cha Anahera
kwa wiki tatu nzima kichwani mwangu,
kitanda nimeshakipanga, na rafu,
sasa lina pazia la njano.
Kivuli kifupi kilipita nyuma yake, kikirukaruka.
Nikasimama na mfuko mkononi
kama mtu aliyesahau mtoto mahali.