Swali la Kumi na Nne

Burnley, Januari. Manyunyu yasiyojua kukoma,
nyumba zimebanana mabega mtaa mzima,
nami mlangoni pa namba sabini na moja
na dodoso langu ndani ya mfuko wa nailoni.
Shirika letu la hisani haligawi blanketi.
Linauliza. Linahesabu. Kisha linakwenda kubishana
na walioshika mafungu ya fedha.

Bi Enid Entwistle, miaka themanini na minne,
mfumaji wa pamba hadi kiwanda kilipofungwa.
Kelele za mitambo zilikula masikio yake
zikamlipa kwa kumfundisha kusoma midomo.
Alinitazama kinywa, si macho.

Swali la kumi na nne: Je, mwaka huu umewahi kuanguka?
"Hapana," akasema, upesi mno,
kama mtoto aliyeulizwa nani kalamba sukari.
Nikaandika hapana.
Lakini nilipopanda kupima ngazi
(vidato kumi na vitatu, vyembamba, vimesimama wima)
niliona karatasi ya ukutani, ya mawaridi,
imefutika mstari mmoja, kimo cha kiganja,
maua yamelika kwa miaka ya vidole
vilivyotafuta pa kushika pasipokuwapo.
Ukuta ulikuwa umejibu.
Sikuwa na kisanduku cha kuutilia alama.

Nyumba themanini. Kompyuta ikapiga kura:
arobaini zifungiwe vishikio sasa,
arobaini zingoje,
ili tujue kwa hakika, tusibahatishe.
Ushahidi hupatikana hivyo. Nilifundishwa hivyo,
na naamini, hata leo naamini.
Yeye akaangukia upande wa kungoja.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia.
"Nilipanga foleni ya mkate wa mgao nina miaka saba.
Kungoja nakujua. Kunywa chai."
Fundi Tadeusz siku hiyo alikuwa namba sabini na tatu,
drili yake ikiuma ukuta wa pamoja.
Bi Enid hakuisikia.
Aliiona chai ikitetemeka kikombeni, akajua.
Akaongeza maziwa.

Alianguka Februari iliyofuata,
kidato cha nne kutoka chini. Nyonga.
Saa sita sakafuni, koti la mvua amejifunika,
hadi mleta maziwa alipochungulia tundu la barua.
Katika jedwali langu akawa moja.
Nilikaa na kidole juu ya kitufe
muda mrefu kuliko moja inavyodai.

Tukaingia halmashauri na kurasa kumi na moja.
Diwani mmoja mwenye mafua alifunua ya mwisho tu,
akauliza bei ya kishikio,
akauliza bei ya nyonga,
akapiga hesabu pembezoni kwa penseli.
Hakuna aliyepiga makofi.
Nyumba elfu moja na mia mbili, zipitishwe,
tuendelee, ajenda ya sita, mapipa ya taka.

Siku Tadeusz alipofika namba sabini na moja
Bi Enid aliketi ukumbini, mkongojo magotini,
akikagua kila skrubu kama alivyokagua nyuzi.
Kisha akageukia kinywa changu.
"Kuanguka kwangu, kulihesabiwa?"
Nikamjibu polepole, midomo wazi: Kulihesabiwa.
"Vizuri. Nisingependa kuwa nimeanguka bure."

Akanyamaza. Akapangusa vumbi la mbao sketini.
"Basi tia na ile ya Novemba. Na ile ya usiku wa Krismasi.
Mwaka ule wa kwanza, ulipouliza.
Niliogopa mtanipeleka nyumba ya wazee."

Dodoso lilikuwa limefungwa zamani,
ripoti imechapwa, imejaladiwa.
Niliandika mbili, kwa kalamu, kiganjani.

Alitaka kupanda kulala mapema.
Akainuka. Mguu kidato cha kwanza,
na mkono, kwa mazoea, ukaenda ukutani,
kwenye mstari ule usio na maua,
ukapapasa kidogo,
ndipo ukavuka upande wa pili
na kuikuta mbao.