Otylie Hataki Kula

Siku ya tatu leo, na nyenje wanampanda puani
kama watalii darajani.
Hata jicho hageuzi. Ulimi wake, ule mshale
uliokuwa ukifika kabla sijafungua kibano,
umekunjwa ndani kama mwavuli wa mtu aliyeghairi safari.

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema.
Huyu nimemuuliza. Nimembembeleza kwa kiwavi wa hariri,
kwa mende aliyenona, kwa nzi wa mwisho wa mwaka
niliyemrukia dirishani, mimi, mzee wa miaka sitini na minane,
soksi moja mguuni.
Akafumba macho mchana kweupe.

Nje, Ostrava imelaliwa na theluji yenye masizi.
Miaka thelathini na mmoja niliwashusha wachimba makaa shimoni
nikawapandisha, na kwa mlio wa kamba tu
nilijua palipolegea.
Hapa hakuna mlio. Mgonjwa wangu ana rangi, basi.

Watu humwita kigeugeu. Wamwombe radhi.
Sijaona kiumbe asiyejua kuficha kama kinyonga:
kijani kimeiva kikawa cheusi, madoa ya manjano na samawati
yamemtoka ubavuni kama tangazo ukutani.
Mimi ndiye sikujua kusoma.

Nikaanza na taa. Inawaka, nikasema.
Bi Havránková wa duka la wanyama akacheka:
"Inawaka kwa macho yako, Bwana Kubíček.
Kwa mifupa yake ilizimika tangu kiangazi."
Nikanunua mpya. Ile ya zamani nikaiweka mezani,
inang'aa, haina kitu ndani,
nikakumbuka watu wawili watatu.

Nikaja kwenye maji. Macho yalikuwa yamezama.
Bakuli nililijaza kila asubuhi, naye hakuligusa:
kwake maji yaliyotulia si maji.
Nikanyunyizia majani mpaka yakadondoka,
akalamba tone. Akangoja. Akalamba la pili.

Chakula, hapana.
Kisha yeye, asiyekanyaga chini, akashuka
akawa anakwaruza pembe ya kioo
kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani.

Daktari Šimková akampiga picha. Tumboni: shanga, shanga, shanga.
"Mayai."
"Ya nani? Hajawahi kuona dume!"
"Hahitaji dume. Unamlishaje?"
Nikamwambia kwa fahari: kila siku, mpaka akatae mwenyewe.
Akanyamaza kidogo, akafuta miwani.
"Ndiyo sababu. Shibe na joto vikizidi,
mwili wake hudhani dunia yote ni neema.
Siku moja ale, siku moja akae. Na umpe pa kuchimba."

Ndoo. Mchanga laini, mbichi wa kushikamana kiganjani,
kina cha shubiri moja na nusu.
Shuka juu ya kioo, maana akitazamwa hatagi:
atafukia shimo, abaki na mzigo mpaka umuue.
Nikakaa jikoni usiku kucha. Sikuchungulia.
Nilichungulia mara moja. Mkia tu, umesimama
kama alama ya kuuliza.

Thelathini na nane. Niliyahesabu juu ya gazeti,
meupe, laini, hayana mtu ndani.
Otylie alikuwa soksi iliyokamuliwa.
Nikampa mende mmoja, nimempaka unga wa chokaa.
Jicho moja likamtazama mende.
La pili likanitazama mimi.
Kisha: tap.

Jioni Radka akapiga simu kutoka Brno,
yeye aliyeniachia mnyama huyu "wiki mbili tu, baba", mwaka juzi.
"Anakula?"
"Anakula. Kwa kipimo."
Na kinywa changu kilikwisha funguka, kama kila jioni:
na wewe je, umekula nini, umeshiba, nikutumie...
Nikauma ulimi.
"Huko Brno," nikasema, "theluji imeanguka?"