Tundu ya Sindano

Karani wa sensa kaketi juu ya robota la kitambaa,
kauliza: nyumba hii wanaokula wangapi,
na wanaochuma?
Nikamwambia ngoja nimalize pindo.

Sensa ya kwanza ninayoikumbuka
baba alikuwa mmoja, na cherehani moja.
Sisi tisa, mama, na bibi Mize kitandani.
Januari tulishonewa kaptura za skuli kwa mabaki,
mguu huu buluu, huu buluu iliyochoka.
Njaa tuliijua kwa jina lake la utotoni.

Lakini macho ya baba yalipoingia ukungu
tulikuwa tisa wa kumtungia sindano.
Tukigombania. Zuwena akinifinya.

Leo hapa Wete skuli bado zinafurika,
zamu ya asubuhi, zamu ya mchana,
sitaki kusema uongo.
Ila futi yangu inajua:
aliyekuja na wanawe saba,
bintiye kaja na watatu,
mjukuu ananiuliza bei ya sare moja.
Na wazee wanaleta kanzu nizipunguze.
Wamesinyaa, hawajafa.

Andika, karani: wanaokula wanne.
Mama mkwe, mume na presha yake, mimi,
na Raiye wangu wa pekee, yuko Unguja anasoma.
Anayechuma, cherehani.

Je, fomu yako ina mahali pa kuuliza
miaka ishirini ijayo,
sindano mkononi, uzi umelowa mate,
nyumba nzima kimya,
nani?

Karani alikuwa kijana. Akauchukua uzi,
akautunga mara moja,
akaenda nyumba ya pili.